Darasa letu linakutana baada ya miaka 20, niende au nipotezee?

Fundi_Baridi:

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo mana hapa nilipo nimekwama kabisa. Darasa letu la sekondari limeamua kukutana, tunatimiza miaka 20 toka tumalize shule. Grupu la WhatsApp lilifunguliwa na jamaa aliyekuwa monita wetu na kiukweli mpaka leo bado ni monita tu, anavyotukumbusha michango utadhani anaandika majina ya wapiga kelele.

Sasa shida yangu ni hii. Mimi shuleni nilikuwa kipanga. Sijisifu, ni historia tu. Nilikuwa wa kwanza, mara mojamoja wa pili, na jina langu la utani lilikuwa Kompyuta. Walimu walishanigawia maisha yangu yote, wa baiolojia ananiita daktari, wa fizikia ananiita injinia, mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza. Nikafika chuo, mwaka wa pili mzee akaanguka, akaugua muda mrefu sana na mimi ndo mkubwa nyumbani, ikabidi nirudi kusimamia wadogo zangu. Nikaingia kwenye ufundi wa friji na viyoyozi kwa kuanza kumshikia tochi fundi mwingine na ndo nipo huko mpaka sasa, nina karakana yangu na vijana wawili. Ada za watoto nalipa, sidaiwi na mtu, mke ananivumilia. Siku za kawaida wala sioni kama kuna kitu kimepungua.

Lakini tangu lile grupu lifunguliwe nimeanza kujipima bila hata kutaka. Mtu anaandika "samahanini wandugu nilikuwa kwenye ndege" na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Yule tuliyekuwa tunapokezana naye namba moja sasa ni daktari bingwa, grupu zima linamwita Dokta. Mimi juzi mtu kaniandikia "Kompyuta, uko wapi siku hizi?" nikaisoma, nikaiacha na tiki zake za bluu mpaka leo.

Kwahiyo maswali ni mawili tu: niende au nipotezee? Na nikienda, hilo la uko wapi siku hizi nalijibuje mbele za watu?

---

Dawati_la_Nyuma:

Hahaha mkuu hapo kwa monita umeniua. Kila darasa linaye huyo.

Nenda bana. Mimi nilikuwa kilaza wa kudumu, nashika mkia bila mpinzani, na kwetu tulipokutana nilienda nikiwa nimejipanga kabisa kuchekwa, nimeandaa na majibu. Weee! Hakuna hata mmoja aliyekumbuka nilikuwa wa ngapi. Wanachokumbuka ni kwamba nilikuwa naigiza sauti ya mwalimu wa nidhamu, na eti siku moja nikaiigiza nyuma ya dirisha bweni zima likakimbilia prepu usiku wa manane. Mimi hilo tukio silikumbuki hata kwa dawa lakini watu kumi wanalisimulia kwa hiyo nimelikubali, ni langu.

Halafu kuna kisa cha kengele. Shuleni kwetu kengele iliwahi kupotea usiku, asubuhi shule nzima ikachelewa kuamka, tukapigwa adhabu ya pamoja na mwizi hakupatikana. Sasa siku ya kukutana, wakajitokeza watu watatu na kila mmoja anasimulia alivyoiba yeye. Mmoja anasema aliitumbukiza chooni, mwingine aliizika nyuma ya bweni, wa tatu, ambaye kwa sasa ni mchungaji, anasema alilala nayo ndani ya sanduku lake imefungwa na soksi isilie. Wote wanaapa! Tulicheka mpaka mwalimu mmoja aliyealikwa akauliza kwani bado mnataka niwape adhabu. Hapo ndo nikajua kila mtu amekuja na shule yake aliyoitengeneza kichwani, hakuna mwenye rekodi.

Sasa wewe unaogopa watu waje na rekodi yako ya udaktari? Wamesahau kengele iliibwa na nani.

---

Msoma_Alama:

Mleta mada, aliyosema Dawati hapo juu yana ushahidi mzuri tu, na kwa kuwa saikolojia ndo nilichosomea niruhusuni nijimwage kidogo.

Mwaka 1975 mtafiti Harry Bahrick na wenzake Marekani walichapisha utafiti juu ya watu 392, wengine wametoka sekondari juzijuzi na wengine wamemaliza karibu miaka 50 iliyopita. Wakatumia vile vitabu vya picha za wahitimu kuwapima wanawakumbuka wanafunzi wenzao kiasi gani. Waliomaliza ndani ya miaka 15 walitambua nyuso na majina kwa usahihi wa kama asilimia 90. Waliokaa miaka 48 bado walikuwa kama asilimia 70 kwenye picha na 80 kwenye majina. Ila pale unapomwambia mtu ataje majina kutoka kichwani bila kumuonyesha chochote, ndo mambo yanaharibika, asilimia 60 kwa miaka 15 halafu inashuka mpaka 30 hivi. Maana yake ukiingia mlangoni watakujua kwa sura, wengi tu, lakini jina litawagomea mdomoni na wewe litakugomea. Usimnunie mtu kwa hilo.

Sasa hii ya pili ndo naipenda zaidi. Bahrick huyohuyo na wenzake, 1996, waliwaomba wanafunzi 99 wa chuo wataje alama zao za sekondari kisha wakalinganisha na rekodi halisi za shule, jumla alama 3,220. Kwa ujumla walipatia asilimia 71. Lakini alama za A walizikumbuka kwa asilimia 89 na za D asilimia 29 tu! Na wakikosea, mara nyingi wanajiongezea. Hao ni vijana waliotoka shule muda si mrefu, hawajafika hata miaka mitano. Sasa fikiria kundi la watu waliomaliza shule miaka 20 iliyopita, mkikaa mezani kila mmoja atakuwa alifaulu.

Kuhusu kujipima, hilo nalo lina baba yake. Leon Festinger aliliandikia mwaka 1954, kwamba binadamu akikosa kipimo cha wazi cha kujua yuko wapi, anajilinganisha na watu wanaofanana naye. Ndo mana tajiri wa kwenye gazeti hakusumbui usingizi ila yule mliyekaa naye dawati moja anakusumbua: mlianza siku moja, umri mmoja, mwalimu mmoja. Huna kasoro yoyote mkuu, ni kawaida kabisa.

Na la mwisho ninyamaze. Thomas Gilovich na wenzake mwaka 2000 walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwanamuziki wa kumtia aibu kisha wakamuingiza kwenye chumba cha wenzake. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameiona ile picha. Walioiona kweli ni kama robo. Watu wako bize na fulana zao.

---

Katibu_wa_Kamati:

Mimi ni dada niliyewahi kuwa katibu wa kamati ya kukutana kwa darasa letu, kwa hiyo nawaletea yale ambayo hamyaoni mkishakaa kwenye viti. Kwanza pole yao wanaoandaa, hakuna kazi isiyo na shukrani kama hiyo. Nusu ya darasa inasema tarehe mbaya, waliobaki wanauliza "na mwenza anaruhusiwa?" kila baada ya siku mbili wakati jibu limebandikwa juu kabisa ya grupu.

Kaka Fundi, hofu yako iko kwa watu wengi kuliko unavyodhani. Kuna walionifuata pembeni kabisa kunieleza kwanini hawaji, na usidhani ni waliofeli maisha. Mmoja ana cheo kikubwa tu, anaogopa atakopwa. Mmoja kaachika na aliolewa na mwenzetu wa darasani. Mmoja amenenepa. Mwingine hajapata mtoto na hataki lile swali. Basi nikagundua kila mtu ana swali lake analolikimbia, lako ni kazi tu.

Kitu kilichotusaidia sana ni kufuta ule utaratibu wa kusimama mmojammoja na maiki, "naitwa fulani, nafanya kazi sehemu fulani, nina watoto kadhaa". Huo utaratibu ni sumu, watu arobaini unawageuza kuwa kwenye usaili wa kazi, na yupo ambaye lazima azungumze robo saa nzima. Badala yake tuliandika vikaratasi vya kifuani: jina lako, chini yake jina la utani la shuleni, na bweni. Basi. Hakuna kazi, hakuna cheo. Na picha za zamani tukaziskani tukazibandika ukutani, watu wakajazana pale. Mwongelee monita wenu aifikirie hiyo, sema ni wazo lako au la kwangu, haijalishi.

Halafu kuna jambo ambalo nawaomba msilifanye kwa haraka, la waliotangulia mbele za haki. Sisi tuliandaa orodha na kabla ya kuisoma tukapigia familia kuhakikisha, na tulifanya vizuri mana kwenye grupu kulikuwa na jina la mtu ambaye wote tulijua amefariki, kumbe yupo hai, alihamia mbali tu na hatumii simu ya kisasa. Fikirieni tungemsomea dua na kukaa kimya dakika moja. Alipopigiwa alicheka sana, akaja.

---

Sikanyagi_Huko:

Naona wote mnamsukuma aende. Ngoja na sisi wa upande wa pili tusikike.

Mimi siendi na sitaenda. Nilionewa miaka yote, sio utani wa kawaida, naongelea kulazwa chini ya kitanda, kuvuliwa nguo mbele za watu, kunyang'anywa vitu, na waliofanya hivyo ndo hao wanatuma vikatuni vya "zile enzi zetu jamani!" na vicheko kwenye grupu. Kwao ni enzi. Mmoja akaandika kabisa "tulikuwa tunakutania sana wewe" na kikaragosi cha kucheka machozi. Sikumjibu, nikatoka kwenye grupu usiku huohuo na nililala vizuri.

Mleta mada kama tatizo lako ni aibu ya kazi, hao wenzangu wamekujibu vizuri, nenda. Lakini jamani muwe mnauliza kwanza mtu alipitia nini pale ndo mumwambie "nenda bana". Kukutana na watu wa zamani sio dawa ya kila kitu.

---

Msoma_Alama:

Sikanyagi nakuunga mkono na hujakosea popote. Kuna utafiti wa Uingereza unaofuatilia watu waliozaliwa ndani ya wiki moja ya mwaka 1958. Mwaka 2014 ikachapishwa taarifa ya watoto 7,771 kati yao ambao wazazi walikuwa wameulizwa kama mtoto anaonewa akiwa na miaka 7 na 11. Walioonewa mara kwa mara, wakiwa na miaka 45 hadi 50 bado walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi ya wenzao, na hata marafiki wachache zaidi. Miaka arobaini baadaye. Kwa hiyo anayesema "yalishapita hayo" anasema yake.

---

Ticha_Mstaafu:

Vijana hamjambo. Nimefundisha hesabu sekondari mpaka nikastaafu na nimealikwa kwenye hizi shughuli zenu mara nyingi, huwa nakaa kiti cha mbele napewa shada la maua na maji, nasikiliza. Ngoja niwaambie mwalimu anaona nini.

Kwanza wengi wenu siwakumbuki majina. Samahanini sana. Mwalimu anapitisha maelfu ya watoto, anayebaki kichwani ni msumbufu, na yule aliyenishangaza. Huwa wananijia, "mwalimu unanikumbuka?" nami nasema nakukumbuka, kaa hapa, halafu namwacha aongee mpaka jina lijitokeze lenyewe. Ufundi wa zamani huo.

Pili, nyinyi mnadhani sisi tunajumlisha nani kafika wapi. Hatujumlishi. Kusema kweli huwa naumia kidogo nikiona mwanafunzi ananieleza kazi yake kama mtu anayejitetea mbele ya bodi. Kijana wangu mmoja, wa kwanza darasani kama wewe Fundi, alinikwepa ukumbini jioni nzima, nikamfuata nje. Akasema mwalimu sikutaka uone nimekuangusha. Nikamuuliza, kwani nilikupanda mgongoni? Mimi nilikufundisha kutafuta X, hukuniahidi kitu.

Lakini tuseme ukweli na sisi walimu tulikuwa na mambo yetu. Tukimpata mtoto mwenye akili tunamtangaza mstarini, tunamsimamisha mbele, tunawaambia wengine mtazameni mwenzenu. Tulidhani tunawatia moyo. Sasa hivi nikikaa kwenye kile kiti cha mbele naona kwamba tulimtwisha yule mtoto ahadi ambayo hakuitoa, na wale wengine arobaini tukawaambia kila siku kwamba wao sio yeye.

Nenda mwanangu. Na mwalimu yeyote utakayemkuta hapo msalimie, usimkimbie.

---

Mzee_wa_Konekshen:

Mnaongea hisia tu hapa, mimi naongea maslahi. Fundi beba kadi zako za biashara. Kuna mtaalamu wa jamii anaitwa Mark Granovetter, mwaka 1973 aliandika kwamba watu waliopata kazi kupitia mtu, wengi walipata kupitia wale wanaoonana nao mara mojamoja au kwa nadra tu, sio marafiki wa kila siku. Sababu ni nyepesi, rafiki yako wa kila siku anajua yaleyale unayojua wewe. Wa zamani anajua mengine. Hapo kuna watu wana maofisi yenye viyoyozi!

---

Fundi_Baridi:

Asanteni sana wote, nimesoma kila kitu, Ticha shikamoo, umenigusa pabaya. Sikanyagi pole sana ndugu yangu na nimekuelewa. Konekshen kadi sibebi mkuu, nikianza kugawa kadi kabla ya salamu nitakuwa yule wa kwenye ndege. Monita nimempelekea wazo la vikaratasi, kajibu "noted". Nitawaletea mrejesho.

---

Fundi_Baridi:

MREJESHO. Samahanini nimechelewa, kazi zilibana.

Nilienda. Nilikaa kwenye gari nje kwa muda mrefu tu nikijifanya naongea na simu, na kupitia kioo nikamuona mwingine naye yuko kwenye gari lake anafanya hivyohivyo, tukaangaliana tukashuka pamoja. Alikuwa ni yule wa "nilikuwa kwenye ndege". Huyu bwana kumbe anafanya kazi ya kusafirisha mizigo ya kampuni za watu na muda wote yuko njiani, na alivyonisimulia ni kama mtu aliyechoka sana, mwaka mzima hajakaa nyumbani siku kumi mfululizo, mwanae anamuita kwa jina kama jirani. Mimi nilikuwa nimeshamchukia mtu wa watu bure kabisa.

Vikaratasi vilikuwepo! Changu kiliandikwa KOMPYUTA kwa wino mwekundu. Lile swali niliulizwa kama mara tatu hivi, nikajibu "natengeneza friji na viyoyozi, nina karakana", na kila mara jibu lilipokelewa ndani ya sekunde mbili mtu akaendelea na yake. Mmoja tu ndo alisema "ahaa, wewe? nilijua utakuwa profesa", nikamwambia hata mimi nilijua hivyo, tukacheka, ikaisha. Kwa hiyo fulana yangu ilionekana na mtu mmoja. Msoma_Alama hesabu zako ziko sawa.

Lakini sasa nije kwenye kitu ambacho sikukitarajia na ndo kimenifanya nichelewe kuandika mana nilikuwa nakitafakari. Kuna dada mmoja tulisoma naye, mpole sana enzi zile, alikuwa anakaa dawati la katikati, simkumbuki akiongea. Tumekaa tunaangalia picha ukutani akaniambia bila hasira yoyote, "Unajua mimi nilikuwa nakuchukia?" Nikashtuka. Akasema kila akirudishiwa mtihani mwalimu alikuwa anamwambia mbona Kompyuta kaweza, na nyumbani mama yake naye alishalijua jina langu, akifeli anaambiwa huyo Kompyuta kwani ana vichwa viwili. Anasema alikuwa anaomba niugue wiki ya mtihani. Mimi nimekaa naye chumba kimoja miaka minne sijui kabisa kwamba jina langu linatumika kumchapia mtu mpaka nyumbani kwao. Ndo nikamkumbuka Ticha na ile ya watoto arobaini.

Sikujua nimjibu nini, nikamwambia na mimi nilikuwa naogopa kuwa wa tatu kuliko kifo, mana siku niliyokuwa wa pili niliitwa ofisini kuulizwa nimepatwa na nini. Akasema "kumbe na wewe walikuwa wanakuchapa kwa jina lako". Tukakaa pale muda mrefu sana. Yeye sasa ni mkunga, na aliniambia kitu kuhusu kazi yake, kwamba wakimleta mwanafunzi wa mazoezi huwa hamlinganishi na mwingine mbele yake hata siku moja, hata kama mkono unamtetemeka.

Dokta alikuja. Nilikuwa nimejiandaa naye hasa. Akanivuta pembeni akaniuliza kama bado nakumbuka tulivyokuwa tunakesha na tochi moja chini ya blanketi tukisomeana kemia, mimi nasoma yeye anaandika, nikasema nakumbuka, akasema hajawahi kupata mtu wa kusoma naye vile tena, chuoni kila mtu alikuwa anaficha noti zake. Hakuniuliza nimefikia wapi. Ila nisiwadanganye, aliponionyesha picha za wanafunzi wake anaowafundisha upasuaji kuna kitu kilinichoma, nikaenda kuosha uso nikarudi. Hicho sijui kama kitaisha na sidhani kama kinahitaji kuisha.

Rafiki yangu kipenzi niliyemfuata hasa hakuja. Ni mmoja wa waliosomwa kwenye orodha. Kwenye grupu sikuwa nimeona, ujumbe ulipita katikati ya vikatuni. Katibu, ile ya kupigia familia monita aliifanya, kuna mdogo wake marehemu alikuja na daftari lake la zamani la fizikia, ndani nimechora mimi mchoro wa jokofu linavyofanya kazi, gesi inabanwa, inapoa, inaachiwa inavuta joto. Sina kumbukumbu nalo hata kidogo ila mwandiko ni wangu.

---

Dawati_la_Nyuma:

Aisee. Pole sana kwa rafiki mkuu. Hapo kwa mkunga nimenyamaza kwa mara ya kwanza humu ndani. Mimi nilikuwa mmoja wa wale arobaini, kwetu fimbo yetu ilikuwa binti mmoja anatajwa na kila mwalimu, na ni kweli tulikuwa hatumsalimii. Hakuja siku ya kukutana. Tulisema anaringa.

---

Sikanyagi_Huko:

Nimesoma mpaka mwisho. Swali moja tu Fundi, huyo dada baada ya kukwambia aliondoka vipi, alikuwa sawa? Nauliza mana nina barua niliyoiandika zamani kwa mtu mmoja wa darasani na sijawahi kuituma.

---

Fundi_Baridi:

Alikuwa sawa mkuu, tena alikaa mpaka mwisho. Lakini angalia, mimi sikumtendea, nilitumika tu. Wako walikutendea kwa mikono yao, sijui kama ni kitu kimoja. Ningekuwa wewe barua ningeisoma mwenyewe kwanza nione bado inasema ninachotaka.

---

Katibu_wa_Kamati:

Sikanyagi, ukituma usitume kupitia grupu na usimpe adimini akufikishie, nimeona zikisambazwa. Na kaka Fundi, kama yule mdogo wa marehemu anakubali, pigeni picha lile daftari kurasa zote kabla wino haujafutika. Sisi tulichelewa na ya kwetu, albamu ya darasa ikaliwa na mchwa. Mmeshapanga mnaonana lini tena?

---

Fundi_Baridi:

Baada ya miaka mitano, monita ashatangaza tarehe. Michango inaanza mwezi ujao.